Pesa ya kesi inazuia fidia: barua kwa ndugu wa Bogoro

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana wa moto mnaobeba watu kati ya Kasenyi, Bogoro na Bunia, nawasalimu kutoka Uingereza. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Januari 1973 inalazimisha kila gari kuwa na asiransi ya kuwafidia wanaoumizwa, na sheria ya bima ya 2015 ilivunja ukiritimba wa SONAS, shirika la bima la serikali. Kwa hiyo lori la samaki likimgonga mtu kwenye barabara ya Kasenyi, haki ya fidia anayo. Lakini kabla ya kuishika, kuna pesa ya kuweka kwa karani wa tribinali, malipo ya kupeleka wito, nauli ya Bunia kila kesi ikiahirishwa, na wakili. Aliyeshindwa hutozwa gharama za tribinali, ni kweli. Malipo ya wakili kwa kawaida humbakia aliyemwajiri. Kampuni ya asiransi inayochelewesha kwa makusudi inalijua hilo: mwenye mguu uliovunjika atachoka kwanza, apokee chochote.

Mimi nasema kampuni iliyokataa kulipa bila sababu itozwe pia malipo ya kadiri ya wakili wa majeruhi, na majeruhi mkweli akishindwa asibebeshwe gharama za kampuni. Bogoro inajua maana ya hili kuliko wengi. Kwa shambulio la 24 Februari 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru mwaka 2017 kwamba waathiriwa 297 wapewe dola 250 kila mmoja, pamoja na misaada ya pamoja. Kwangu dola hizo ni kidogo mno. Lakini wakili wao alilipwa na Mahakama. Ingekuwa kila mjane amlipe mwenyewe, ni faili ngapi zingefika The Hague?

Wengine watasema njia hii italeta madai ya uongo. Huku Uingereza, tangu Aprili 2013, majeruhi akishindwa kwa kawaida halipi gharama za mshtakiwa, ila kinga hiyo humtoka akithibitika mdanganyifu. Wengine watataja cheti cha ufukara. Kinasaidia kwa ada za tribinali, lakini mwenye moto moja au kibanda cha sokoni hahesabiwi fukara, na kesi moja yatosha kummaliza. Hofu ya bei ya asiransi kupanda ina uzito zaidi. Ndiyo maana nasema malipo ya kadiri, yapimwe na hakimu, tena kwa kampuni iliyokataa bila sababu tu. Inayolipa mapema haidaiwi kitu.

Hatuhitaji kungoja bunge la Kinshasa. Kifungu cha 258 cha sheria yetu ya madai kinamtaka mwenye kosa afidie hasara aliyomletea mwenzake, na kumlipa wakili kwa sababu ya ukaidi wa kampuni ni hasara. Hakimu hatoi kisichoombwa. Basi ombi liandikwe wazi tangu karatasi ya kwanza, na nyuma yake zishonwe risiti zote: ya daktari, ya karani, ya nauli, na ya wakili.