Watoto Waachiwe Mchanga

Cornelia Hahn Oberlander, msanifu wa mandhari aliyefariki Vancouver, Kanada, mwaka wa 2021 akiwa na umri wa miaka 99, husifiwa zaidi kwa bustani za Robson Square mjini humo. Sisi twamkumbuka kwa mchanga. Katika maonyesho ya dunia ya Montreal, mwaka wa 1967, mama huyo, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa msichana, aliwaandalia watoto uwanja wa vilima, magogo, maji na mchanga. Aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kuchimba, kuparamia na kujenga mwenyewe. Wakuu wa shule wanaokata miti na kumwaga saruji uani, eti kuepuka matope, watuambie watoto wachimbe wapi.