Kamera Ndogo Yenye Mambo Mengi: Pesa ya Mpunga Isilipie Maandishi ya Kwenye Boksi



Msimu wa kuuza pamba na mpunga ukianza, maduka ya Kahama, Katoro na Geita mjini hujaa vifaa vidogo vinavyong'aa. Kimojawapo ni kamera ya kidijitali inayoingia kwenye mfuko wa shati. Boksi limeandikwa megapikseli 48, kuvuta mara 16, video ya 4K, kutambua tabasamu na mengine mengi. Muuzaji anasoma, wewe unahesabu noti. Nasema wazi: orodha ile imeandikwa ili kamera iuzike. Haimjui mdudu aliyeko kwenye mahindi yako.

Tuanze na megapikseli, maana ndizo zinazowatoa watu pesa. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya kusafisha ya sentimita 10 kwa 15 inatosheka na nukta milioni 2 hivi. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa kabla haijafika. Sasa hizo 48 ni za nani? Tena kwenye kamera nyingi ndogo, kipande kinachopokea mwanga kina milimita 6 kwa 5 hivi, chini ya ukucha wa kidole kidogo. Kurundika nukta nyingi hapo hakuongezi mwanga. Na kamera nyingine za bei ya chini hupachika nukta za kubuni kati ya zile halisi ili namba ya kwenye boksi ikue.

Kuvuta nako kuko kwa aina mbili. Kuna kuvuta kwa lenzi, ambapo vioo vinasogea na kitu cha mbali kinaonekana vizuri. Kuna kuvuta kwa kidijitali, ambako ni kukata katikati ya picha na kuikuza. Hiyo unaifanya kwa vidole kwenye simu yoyote, bure. Ukiambiwa "mara 16", uliza: kwa lenzi ni mara ngapi?

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu picha mbovu inaharibu shamba. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa nchini mwaka 2017, wanatambulika kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Mdudu mwenyewe ana sentimita 3 au 4 akikomaa. Kamera isiyoona vizuri kwa karibu itakupa kijiti chenye ukungu. Afisa ugani ataangalia picha hiyo na kukisia. Dawa na muda wa kupuliza hutegemea mdudu ni yupi, kwa hiyo kisio likikosea, umelipia kamera, umelipia dawa, na mahindi yameliwa.

Kabla hujalipa, fanya majaribio haya palepale dukani:

1. Weka punje ya mchele juu ya noti, piga picha kwa umbali wa kiganja kimoja. Ikuze. Kama maandishi madogo ya noti hayasomeki, rudisha kamera.

2. Toka nje kwenye jua la saa saba. Kama huoni kitu kwenye kioo, shambani utapiga kwa kubahatisha.

3. Angalia lenzi. Lenzi inayochomoza na kurudi hunasa vumbi, nasi tunalo la kutosha, la kiangazi Shinyanga na la makarasha kule Geita. Mchanga ukiingia, lenzi inakwama nje na fundi wa kuifungua ni adimu.

4. Uliza inachajiwaje. Kama inatumia waya wa kawaida wa simu, sola ndogo ya nyumbani itaitosha. Kama betri inachomolewa na kuwekwa kwenye chaja yake ya pekee, siku chaja ikifa, kamera imekufa.

5. Mwambie muuzaji ahamishe picha moja hadi kwenye simu yako ukiona. Picha isiyofika kwenye simu haimfikii mteja wako wa Mwanza wala afisa ugani wako.

Wapo watakaosema kamera yenye lenzi nzuri inaishinda simu. Ni kweli, na kama wewe ni mpiga picha wa harusi na vipaimara, na unalipwa kwa kazi hiyo, nunua yenye kuvuta kwa lenzi. Lakini mkulima wa muhogo anahitaji kitu kingine. Programu ya PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO na IITA, inatumia kamera ya simu ya Android kutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye majani ya muhogo. Inafanya kazi bila intaneti, tena kwa Kiswahili. Kamera ile ya kwenye boksi, pamoja na kutambua tabasamu kwake, haiwezi kuibeba programu hiyo.

Na wewe mfanyabiashara, kazi yako ni picha ya mzigo, ya risiti na ya mizani inavyosoma. Simu ya kawaida iliyofutwa lenzi kwa kitambaa safi inaifanya.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kwenda dukani, chukua simu uliyonayo na uipitishe kwenye jaribio la kwanza na la pili. Ikifaulu, kamera unayo tayari. Gunia ulilotaka kuuza libaki ghalani, au likanunue mbegu.