Mabamba, Mafunjo na Madai ya Ufunuo

Madai ya kupokea maandiko matakatifu kwa kawaida huegemea sauti, ndoto au maono, mambo ambayo hayaachi nyuma yake kitu kinachoweza kutiwa mizani. Waislamu huamini kwamba Kurani iliteremshwa kwa wahyi na kuhifadhiwa vifuani kabla ya kukusanywa katika msahafu. Kwa hiyo hata kurasa za kale kabisa za msahafu zikipatikana, zitaeleza jinsi maandishi yalivyopokezanwa, wala hazitagusa swali la nani aliyeyateremsha. Umormoni, yaani imani iliyotokana na mafundisho ya Joseph Smith (1805–1844) nchini Marekani, ulishika njia tofauti, kwa kuwa tangu mwanzo ulidai kwamba maandiko yake mapya yalitafsiriwa kutoka katika vitu vya kale vilivyokuwa mikononi mwa nabii. Hoja ya toleo hili ni kwamba dai la namna hiyo haliwezi kupimwa kwa imani peke yake, maana lenyewe limeita shahidi asiyekuwa mwanadamu.

Kitu cha kwanza hakipo. Smith alieleza kwamba malaika Moroni alimjulisha mwaka 1823 kuhusu mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani karibu na nyumbani kwao, jimboni New York, na kwamba aliruhusiwa kuyatwaa Septemba 1827. Kitabu cha Mormoni, kilichodaiwa kuwa tafsiri ya mabamba hayo, kilipochapishwa mjini Palmyra mwaka 1830, mabamba yalikuwa, kwa maelezo yake, yamekwisha kurudishwa kwa malaika, na badala yake palichapishwa tamko la mashahidi watatu waliosema walionyeshwa na malaika, pamoja na tamko la wanane waliosema waliyashika kwa mikono yao. Watatu wa kwanza, Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris, baadaye walifarakana na Smith, lakini hakuna kati yao aliyekana tamko lake, jambo ambalo watetezi hulitaja kwa haki, ingawa linathibitisha uthabiti wa mashahidi kuliko ukale wa madini. Lenye kushangaza zaidi ni kwamba, kwa masimulizi ya Emma, mkewe Smith, mabamba mara nyingi yalikaa mezani yamefunikwa kitambaa huku mumewe akiinamisha uso ndani ya kofia yenye jiwe alilolitumia kupokea maneno. Mabamba yalihitajika, lakini hayakusomwa.

Kitu cha pili kipo, na hapo ndipo mzozo ulipo. Mnamo Julai 1835, huko Kirtland, Ohio, Smith na wenzake walinunua kwa dola 2,400 maiti nne za Misri ya kale zilizohifadhiwa kwa dawa, pamoja na magombo ya mafunjo, yaani karatasi zilizotengenezwa kwa matete ya mto Nile. Kutokana nayo alitoa Kitabu cha Ibrahimu, kilichochapishwa mwaka 1842 kikielezwa kuwa ni tafsiri ya maandishi ya Ibrahimu mwenyewe, na ambacho tangu mwaka 1880 ni sehemu ya maandiko rasmi ya Kanisa la Wamormoni. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mafunjo yote yaliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871, mpaka vipande kadhaa vilipotambuliwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kukabidhiwa kwa Kanisa Novemba 1967. Wataalamu wa lugha ya Misri ya kale walivisoma na kukuta maandiko ya maziko, likiwamo lile liitwalo Kitabu cha Pumzi, lililoandikiwa kuhani aitwaye Hor katika enzi ya Ptolemaio, karne nyingi baada ya zama zinazohesabiwa kuwa za Ibrahimu.

Kanisa halikuficha tatizo hilo. Maelezo yake rasmi ya mwaka 2014 yanakiri kwamba alama za vipande hivyo hazilingani na maneno ya kitabu. Wapo wanaosema gombo lenye habari za Ibrahimu lilipotea, na wapo wanaosema mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Jibu la kwanza linakwazwa na mchoro ambao kitabu chenyewe kinautaja, kwani asili yake imo miongoni mwa vipande vilivyopatikana, kando ya maandishi ya Hor. Jibu la pili lina nguvu zaidi kimantiki, lakini gharama yake ni kubwa: kama neno lingeweza kufika bila kitu kusomwa, basi dai la tafsiri limekuwa dai la wahyi, na haieleweki tena kwa nini mabamba yalihitaji kufukiwa, kulindwa na kufukuliwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Kongo, ambako Kanisa hili lina waumini na Kitabu cha Mormoni husomwa kwa Kiswahili, suala hili si la mbali. Wanaombwa wazisome makala zinazofuata pamoja na picha za vipande vya mafunjo, ambazo Kanisa lenyewe limezichapisha hadharani.