"Shall" Ni Deni. Nani Anatulipa?

Makamanda, leo naomba tukae darasani kidogo. Sisi tunaosoma sheria tunafundishwa neno moja la Kiingereza mpaka tunaliota usiku: "shall". Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kiko wazi. Sheria ikimpa mtu mamlaka kwa "may", ana hiari: akitaka afanye, asipotaka aache. Ikitumia "shall", hiari hana. Lazima afanye.

Asili yake ndiyo tamu zaidi. Kwenye Kiingereza cha kale neno hilo lilibeba maana ya kudaiwa. Ndugu yake wa Kijerumani, "Schuld", mpaka leo maana yake ni deni, na pia hatia. Kwa hiyo serikali ikiandikiwa "shall", kwa asili imeandikiwa deni.

Sasa njoo kwenye Kiswahili. "Shall" ya sheria mara nyingi tunaitafsiri kwa "-ta-". Na "-ta-" imetoka kwenye kitenzi "taka", ndiyo maana hadi leo tunasema "atakayekuja". Yaani deni la Mwingereza kwetu limegeuka kutaka! Muuza duka yeyote hapa Kilindoni anaijua tofauti. Mteja akisema "nadaiwa", anaandikwa kwenye daftari. Akisema "nitakulipa, inshallah", we acha tu.

Mtu ataniambia: dada, hayo ni ya wataalamu wa lugha, mahakamani "-ta-" inaeleweka ni amri. Sawa. Basi tufungue Katiba ya 1977. Ibara ya 8 inasema Serikali itawajibika kwa wananchi, na wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Safi kabisa. Lakini rudi nyuma ibara moja tu: 7(2) inazuia mahakama yoyote kuyatilia nguvu masharti ya sehemu hiyo. Deni lipo, ila mdai kafungiwa mlango wa kudai.

Linganisha na mvuvi wa Jibondo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995, chini ya sheria ya 1994 iliyoandikwa kwa Kiingereza. Akivunja masharti yake, kesi ipo, faini ipo. "Shall" ya mwananchi ina meno, ya serikali ni kibogoyo.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua nzuri, lakini kibogoyo ukimtafsiri anabaki kibogoyo. Ndiyo maana tunapodai Katiba Mpya tudai na hili: wajibu wa serikali uandikwe kama wajibu, na kizuizi cha 7(2) kiondoke.

Rasimu yoyote ikiletwa mbele yenu, vijana wenzangu, msome kila "itafanya" na "itahakikisha", halafu muulize swali moja: isipofanya, naipeleka wapi?