MOYO WA MWALIMU WA CHUO

Siku ya Mei Mosi, mwaka 2025, wafanyakazi wa nchi nzima walikutana hapa Singida Mjini, katika viwanja vya Bombadia, wakamsikia Rais Samia Suluhu Hassan akitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda tangu Julai, kutoka shilingi 370,000 hata 500,000, yaani asilimia 35.1. Tulifurahi, nasi hatuoni haya kusema hivyo.

Walakini kima cha chini ni cha mtu wa chini, na mwalimu wa chuo hayumo katika ngazi ile. Yeye hungoja kupandishwa daraja. Mwaka 2016, Serikali ilipowasaka watumishi hewa, kupandisha madaraja kulisimamishwa nchi nzima, na mtumishi halali akasimama pamoja na hewa. Shabaha ilikuwa njema. Lakini mwaka uliopotea katika daraja humfuata mtu mpaka kwenye pensheni yake.

Twawauliza wakuu wa vyuo: mwalimu aliyevunjika moyo mwamjuaje? Haandiki barua ya kuacha kazi. Huingia darasani kwa saa yake, akasoma daftari lile lile la miaka iliyopita, akatoka. Akili yake iko katika alizeti zake na kuku wake. Hapana kosa la kumshitaki, ila wanafunzi wameibiwa. Nao ni nani? Chuo cha Ualimu Kinampanda, kule Iramba, chatoa walimu wa watoto wetu. Kampasi ya Singida ya Taasisi ya Uhasibu yatoa wahasibu, watu wale wale watakaokuja kuhesabu malimbikizo ya walimu!

Hatusemi kwamba fedha peke yake huleta bidii. Wako wavivu ambao hata mshahara ukiongezwa mara mbili hawatafungua kitabu, na hao hatuwatetei. Lakini mwenye bidii na mvivu wakingojeshwa daraja miaka sawasawa, bila hata barua ya kuwaeleza sababu, mwenye bidii ndiye atakayejifunza kwa mvivu.

Twataka basi kila chuo kibandike ubaoni, kila mwaka kabla ya Julai, majina ya walimu wanaostahili kupanda, na waliobaki wapewe sababu kwa barua. Gharama yake ni karatasi na gundi. Mkuu wa chuo asiyeweza hilo na atuambie anaogopa nini.