Tamko la Wavuvi wa Mwambao wa Bagamoyo kuhusu Uzito wa Makosa na Adhabu Zake

Chama cha wavuvi wa madiko ya mwambao, kuanzia Mlingotini na Dunda hadi Saadani, kinatamka yafuatayo kwa umma na kwa mamlaka zinazohusika.

1. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imekwisha kuyapanga makosa. Jinai kubwa ni ile ambayo adhabu yake ni kifo, au kifungo cha miaka 3 au zaidi. Kosa dogo lisilotajiwa adhabu mahususi halimfungi mtu zaidi ya miaka 2, na hakimu anaweza kutosheka na faini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 nayo inataka anayevua kwa baruti afungwe si chini ya miaka 5.

2. Adhabu hiyo ya baruti Chama kinaiunga mkono bila kigugumizi. Mlipuko mmoja huua samaki pamoja na vifaranga vyao, huvunja matumbawe yaliyokua kwa miongo, na pengine humkata mkono aliyeurusha. Samaki wengi huzama. Hivyo hata mlipuaji mwenyewe hafaidi. Huyo ameiibia pwani nzima, na udugu hautamkinga.

3. Mwenye wavu wa matundu madogo, au aliyechelewa kulipia leseni ya ngalawa, hayumo katika daraja hilo. Chama hakisemi kwamba hana kosa. Kinasema lipimwe kwa uzito wake. Shtaka la uhujumu uchumi hubeba kifungo cha miaka 20 hadi 30, na halifai kuwa kitisho cha kumfanya mtu akubali faini ya papo hapo.

4. Ibara ya 13(6) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Kwa msimamo wa Chama, kuchoma wavu ufukweni kabla ya amri ya mahakama ni kutanguliza adhabu, hata kama wavu wenyewe ni haramu.

5. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo viwango vya adhabu vibandikwe kwa Kiswahili katika kila diko, na kila hati ya faini itaje kifungu kilichovunjwa.

6. Mwanachama atakayekamatwa na baruti hatadhaminiwa na Chama wala kuwekewa wakili. Atakayekamatwa kwa kosa dogo atasindikizwa na viongozi hadi mahakamani, akiri mwenye kukiri na ajitetee mwenye kujitetea, wala hatatoa hata shilingi moja isiyo na stakabadhi ya Serikali.