Mtoto Ana Mwenyewe, Njia Yake Haina

Mtoto ni amana. Nyumbani amana hiyo ina mwenyewe: mama ajua kama mwanawe amekula, baba ajua kama amelala. Shuleni pia ina mwenyewe: mwalimu ana rejista, na jina lisipoitikiwa huuliza. Lakini baina ya kizingiti cha nyumba na lango la shule pana masafa yasiyo na mwenyewe. Hapo ndipo watoto wetu wanapoumia, na hapo ndipo sisi wazazi, walimu, madereva na viongozi tunapotupiana lawama baada ya maafa.

Itazameni Mtopanga, hapa kwetu Kisauni, Mombasa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Barabara ya zamani ya Malindi ni nyembamba, na pembeni mwake, mahali pa kupita kwa miguu, pameshikwa na vibanda, bodaboda zinazosubiri abiria na madimbwi ya mvua ya jana. Mtoto wa darasa la kwanza afanyeje? Hushuka kwenye lami, akaenda bega kwa bega na matatu zinazopigania abiria. Na mtoto wa Pwani safari zake haziishi shuleni. Alasiri hushika juzuu akaenda chuo cha Kurani, na jioni akarudi. Mwenye kuvuka barabara mara nne kwa siku anahitaji hifadhi mara nne.

Linapotokea la kutokea, tunasema ajali haina kinga. Tunazika, tunasoma hitima, kisha mambo yanarudi yalivyokuwa. Mimi siipingi qadari. Kuiamini ni nguzo ya imani yetu. Lakini dini hiyohiyo imetuamuru kujitahidi kwanza, ndipo tutawakali. Tarehe 6 Mei 2017, basi lililowabeba wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Watu 35 walifariki, karibu wote wakiwa watoto waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Baadaye mmiliki alifikishwa mahakamani, na miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuzidisha abiria. Mwezi wa Aprili 2024, huko huko Arusha, gari la shule lilisombwa na mafuriko eneo la Muriet, na watoto wakafa maji. Idadi ya abiria huhesabiwa kabla ya safari. Maji yaliyofunika njia huonekana kabla ya kuyaingia. Katika mambo kama haya kinga ipo, na aliyeiacha ni binadamu.

Nianze na gari la shule. Mzazi anapolipa nauli ya muhula hudhani amenunua usalama, kumbe huenda amenunua kiti tu, na pengine hata kiti hakutimia, kwa maana watoto watatu wamepakatana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 imeyataka magari ya shule yapakwe rangi ya manjano. Ni jambo jema, lakini rangi haifungi mkanda wala haihesabu watoto. Kinachohitajika ndani ya gari ni mtu mzima wa pili asiye dereva, mwenye orodha ya majina mkononi, anayemtia alama kila anayepanda na kila anayeshuka.

Mtu huyo ana kazi mbili ambazo hakuna mwingine wa kuzifanya. Ya kwanza ni mlangoni. Magari yetu huenda upande wa kushoto, na mlango uko kushoto. Mtoto ambaye kwao ni ng'ambo ya pili akishuka, huzunguka nyuma ya gari mbio, akakutana na bodaboda inayolipita. Mwenye bodaboda hakumwona, naye mtoto hakuiona, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa limewatenga. Huko Marekani sheria huyasimamisha magari mengine wakati basi la shule linaposhusha watoto. Sisi hatuna desturi hiyo, kwa hiyo mkono wa mtu mzima ndio taa yetu nyekundu. Amvushe mtoto, amkabidhi kwa mtu anayejulikana, ndipo gari liondoke.

Kazi ya pili ni mwisho wa safari: kupita kiti kwa kiti hadi nyuma. Watoto wadogo hulala njiani. Mwezi wa Septemba 2022, nchini Qatar, mtoto wa miaka minne alisahauliwa ndani ya basi la shule, na joto likamuua. Gari lililofungwa juani huweza kuongeza joto kwa takriban digrii 10 katika dakika 10 tu, na sisi tunalijua jua la Mombasa mwezi wa Februari na Machi. Kupekua viti hakuhitaji hata dakika mbili. Shule isiyoweza kutoa dakika mbili isipewe mtoto wa mtu.

Sasa nije kwa waendao kwa miguu, ambao ndio wengi. Nchini Kenya barabara huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Sheria inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa penye shule. Shirika la Afya Duniani linataka ziwe 30 pale ambapo watu na magari wanachanganyika, na sababu yake ni wazi: gari liendalo 50 huhitaji takriban mita 25 kusimama, na liendalo 30 huhitaji kama nusu ya hizo. Mtoto wa miaka saba hajui bado kupima mwendo wa gari linalomjia. Mwenye kujua ni dereva. Basi mzigo wa kupunguza mwendo ni wake, wala si wa mtoto kukimbia zaidi.

Najua nitaambiwa haya yanataka mamilioni. Jirani zetu wa Dar es Salaam wameonyesha vingine. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule zenye ajali nyingi, likajenga njia za miguu, matuta, vivuko na vizuizi vya kuyaweka magari mbali na watoto. Kazi hiyo, iliyoenea katika miji mingine ya Afrika, ilipunguza majeraha ya watoto kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya kimataifa ya miji. Ni saruji, rangi na nia. Na saruji, ndugu zangu wa Bamburi na Mtopanga, sisi ndio tunaoishi kando ya kiwanda chake!

Najua pia maisha ni magumu. Mama muuza mahamri hana nauli ya gari la manjano, na ndiyo maana watoto wanane hujazwa kwenye tuktuk ya abiria watatu, au wanne juu ya pikipiki ambayo sheria imeiruhusu abiria mmoja. Simlaumu mama huyo. Namwambia kuna njia isiyo na gharama. Huko Japani watoto wa mtaa mmoja hukusanyika asubuhi, wakaenda shule kwa msafara, wakubwa wakiwaongoza wadogo, na wazazi hupokezana zamu kwenye vivuko. Sisi tuna vikundi vya ujirani vya Nyumba Kumi na tuna baraza la chifu. Wazazi watano wakigawana siku tano za wiki, kila mmoja atapoteza asubuhi moja tu, na watoto wote watavuka salama. Hata wale wenye kuwavizia watoto alfajiri kwenye vichochoro hawathubutu kuugusa msafara.

Wala tusiseme Wakenya hawabadiliki. Mwaka 2004 Waziri John Michuki aliposimamia kanuni za matatu, mikanda ilifungwa na vidhibiti mwendo vikawekwa katika nchi ambayo watu waliapa haiwezekani. Kanuni zililegea tulipolegea sisi. Sheria hukaa hai kwa wanaoidai.

Basi tuidai. Mzazi, wiki hii nenda shuleni uulize: ni nani anayewahesabu watoto garini, ni nani anayemvusha wangu, na ni nani anayepekua viti? Ukitajiwa jina la mtu, shukuru. Ukitajiwa "sisi sote," usiridhike, kwa maana kazi ya wote haifanywi na yeyote. Mwalimu mkuu, liandike jina hilo ukutani. Dereva, kataa mtoto wa ziada hata tajiri akikasirika. Mwakilishi wa wadi, matuta na kivuko mbele ya kila shule viingie katika bajeti kabla ya mabango yenye picha yako. Na wewe usiye na mtoto, ukimwona mdogo amesimama ukingoni mwa barabara, mshike mkono umvushe. Kwa dakika hiyo, mwenyewe ni wewe.